King'ora Kilichojua Kulia Mara Moja

Siku yangu ya kwanza mgodini, Mhandisi Mkuu alinipeleka chini ya nguzo ya king'ora kabla hata ya kunionyesha kompyuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, kalamu zimejaa mfukoni mwa shati na hakuna aliyewahi kumwona akimwazima mtu hata moja. Alinyoosha kidole juu akaniambia, "Kikilia mara moja, ni majaribio. Kikilia mara mbili, kuna mtu amefariki chini. Kikilia bila kukoma, ni maji, na kila mtu apande juu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa.

"Basi kompyuta yako ndiyo inayokipiga," akasema, akaanza kutembea kuelekea ofisini.

Nilikuwa nimetoka Shinyanga mjini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako niliandika programu za mizani ya marobota. Ilikuwa kazi ya amani. Robota likipimwa vibaya linarudishwa kwenye mzani, watu wanacheka, chai inaendelea. Mwenye kiwanda, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa palepale mjini, aliniuliza nilipokwenda kuaga: "Mama Kulwa, pamba haijawahi kumzamisha mtu. Huko kwenye mashimo unafuata nini?" Nilimfuata mume wangu. Alikuwa ameajiriwa huko kama fundi wa pampu, na mapacha wetu, Kulwa na Doto, walikuwa bado hawajui kutembea. Niliona ni heri tuwe wote mahali pamoja.

Mgodi wenyewe ulikuwa upande wa Masumbwe, na jina lake siliandiki. Ulikuwa wa chini ya ardhi, na adui yake mkubwa alikuwa maji. Huko chini kabisa palichimbwa kisima cha kukusanya maji yote yanayochuruzika kwenye miamba, na pampu ziliyavuta usiku na mchana. Ndani ya kisima lilielea boya. Maji yakipanda kupita alama, boya linanyanyuka, waya unapeleka habari juu kwenye kompyuta yangu.

Ninyi vijana mnaosoma fani hii sasa mnabeba kompyuta mfukoni. Sisi tulikuwa na moja tu, ya mfumo wa Unix, imekaa chumba chenye feni iliyokuwa ikilalamika kuliko kupuliza. Ndani yake zilifanya kazi programu mbili. Ya kwanza ilisoma habari za boya. Ya pili kazi yake ilikuwa king'ora tu: kila ishara, mlio mmoja. Ya kwanza ikiona maji yamepanda, inaitumia ya pili ishara, na inairudia kila baada ya muda mfupi mpaka boya lishuke. Ishara, kwa lugha ya fani, ni kama mtu kukugusa bega ukiwa umeinamia kazi: unaacha ulichokuwa unafanya, unageuka. Lakini programu haigeuki yenyewe. Mwandishi wake lazima aandae kipande cha maelekezo cha kuipokea ishara, kipande tulichokiita mpokeaji. Kwa aina nyingi za ishara, hata moja tu ikifika pasipo na mpokeaji, mfumo unaiua programu papo hapo, bila kelele.

Namna mpokeaji anavyofanya kazi hupangwa kwa bendera. Usifikirie kitambaa. Chukua namba moja, uitazame kama bodi ya swichi ukutani: kila swichi ni biti moja, imewashwa au imezimwa, na kila moja ina maana yake. Ukitaka kuwasha mbili, unaziunganisha kwa alama ya mstari wima, na namba inayopatikana inabeba zote mbili. Swichi moja inaweza kusema: programu ikikatizwa katikati ya kusoma, irudie kusoma bila kulalamika. Nyingine inasema jambo tofauti kabisa. Ukiitazama namba yenyewe hujui nani kawashwa humo ndani, mpaka uisome biti kwa biti.

Kila Jumapili jenereta kubwa ilizimwa ifanyiwe matengenezo, na kompyuta nayo ililala. Jumatatu asubuhi niliiwasha, kisha, kabla zamu haijateremka, nilituma ishara moja kwa mkono. King'ora kilipiga mlio mmoja mrefu. Msimamizi wa Zamu, Mzee Shija, alikuwa akisimama mlangoni kwangu akisikiliza.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kila Jumatatu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Kimeamka?"

"Shikamoo, mzee. Kimeamka."

"Marahaba. Wabeja, asante. Sasa kiache kilale."

Hakuna aliyewahi kuomba kisikike tena. Ili ufikie mlio usiokoma, lazima upite kwenye wa pili, na wa pili ulikuwa msiba. Kambi nzima ilikuwa pembeni ya uzio. Mlio wa pili ukisikika, akina mama walijifunga khanga kiunoni wakakimbilia getini wakilia kabla ya kuuliza ni nani, na walioko chini walisimama palepale walipo, wakavua kofia. Tangu kompyuta ifungwe hakuna aliyekuwa amefariki chini, lakini nilisimuliwa walivyokimbia enzi za king'ora cha zamani cha mkono, kabla hakijang'olewa, na sikutaka kuwaona.

Mambo yaligeuka mwaka ule wa mvua za Elnino. Mhandisi Mkuu aliamua kichimbwe kisima cha pili, akaniagiza niandae programu ya king'ora ipokee habari za boya la pili pia. Mkandarasi aliyeiandika alikuwa ameshamaliza mkataba na kuondoka nchini. Kwa hiyo Jumatatu moja, baada ya majaribio, zamu imeshateremka na mvua inapiga bati mpaka husikii feni, nilikaa kuisoma kazi ya mtu mwingine mstari kwa mstari.

Nilifika kwenye mstari wa bendera. Zilikuwa mbili, zimeunganishwa. Ya kwanza niliifahamu, ni ile ya kurudia kusoma. Ya pili iliandikwa SA_RESETHAND. Sikuwahi kuitumia, nikafungua kitabu cha mfumo. Maelezo yake ni mafupi: mpokeaji akishaitwa mara moja, anaondolewa, na ishara ile inarudi kwenye tabia yake ya asili.

Nilisoma tena, nikitumaini Kiingereza changu ndicho kilichonidanganya. Tabia ya asili ya ishara ile ilikuwa kuua.

Hebu fikiri nami nilivyofikiri. Mpokeaji anafanya kazi mara moja. Mara hiyo moja nimeitumia mimi mwenyewe asubuhi, kwenye majaribio. Tangu dakika ile programu imekaa bila mpokeaji. Maji yakipanda, ishara ya kwanza itakuja, na badala ya kupiga king'ora itaiua programu. Zitakazofuata hazitamkuta mtu. Na ilikuwa hivyo kila juma, tangu mtambo ule ufungwe. Kila Jumatatu tulikuwa tunakiamsha king'ora, na kwa kukiamsha tunakizima mpaka Jumapili. Mume wangu alikuwa kwenye pampu, chini kuliko wote.

Ningeweza kuiwasha upya programu, nikapata mlio mmoja. Lakini mlio mmoja haumtoi mtu shimoni, kila mtu angesema ni majaribio. Halafu sheria ilikuwa kali: watu wakiwa chini, hakuna kuigusa mashine bila ruhusa ya Mhandisi Mkuu. Nilikimbia kwenye mvua mpaka ofisini kwake nikamweleza huku meno yakigongana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Hiyo bendera niliiomba mimi. Siku za kufunga mtambo nilimwambia mkandarasi: jaribu utakavyo, ila kisilie mara mbili, utaniliza kambi. Akasema ataweka kitu cha muda." Akarudia, "Cha muda."

"Huenda alisahau kukitoa, mzee."

"Una hakika kimezima?"

"Nimesoma. Sijaona."

Kuona kulikuwa na njia moja tu, kutuma ishara ya pili. Nikiwa nimekosea, king'ora kingelia tena siku ileile, na huenda kambi ingeuhesabu kuwa ni mlio wa pili, ikaamka kwa msiba usiokuwapo. Alitazama dirishani kule kwenye nyumba za kambi, moshi wa majiko ukitoka kwenye mapaa.

"Twende. Itume."

Tulisimama chumbani kwangu, Mzee Shija naye kaja anachuruzika maji. Niliandika amri, nikabonyeza. Tukainua macho, kama vile king'ora kinaonekana kupitia bati. Kimya. Nilitazama orodha ya programu zinazofanya kazi. Ile ya king'ora haikuwamo tena. Sijawahi kuogopa kelele yoyote kama nilivyoogopa kimya kile.

"Shija, shuka," Mhandisi Mkuu akasema. "Watoe wote kwa mdomo."

Mzee Shija hakusogea. "Wachimbaji watanifuata. Watu wa pampu, hapana. Wewe mwenyewe umewaapisha, bosi. Mtu wa pampu haachi pampu kwa neno la mtu, hata langu. Anaacha kwa king'ora kisichokoma, basi." Alinitazama, akakumbuka kuwa mume wangu ni mmoja wao. "Mayu, fanya haraka," akasema, akaenda.

Kurekebisha kwenyewe ni jambo dogo mno, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilifuta alama moja ya mstari wima na neno moja, nikahifadhi, nikaamuru mashine itafsiri programu upya kwa lugha yake yenyewe. Mashine zile zilikuwa za polepole. Nilikaa mikono mapajani nikiangalia kidoti kikimeta, namsihi Mungu kwa sauti bila kumwonea haya mkuu wangu, naye akiitikia amina. Kwenye dirisha jingine la skrini niliona namba ya boya. Ilikuwa imefika kwenye alama.

Programu ya boya ilishaanza kutuma ishara, na hakukuwa na wa kuzipokea.

Tafsiri ilipoisha niliiwasha programu mpya. Sikuhitaji kutuma kitu. King'ora kililia mara moja, mlio mrefu, ukakatika. Nilishika meza. Ukafuata wa pili, na hapohapo nikasikia kambini sauti ya kwanza ya mwanamke, kisha nyingine, kisha zote. Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwao, na watoto wangu kwake, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Baina ya mlio wa pili na wa tatu palikuwa na muda uleule wa kila siku, ule ulioandikwa ndani ya programu. Mimi niliuona hauishi. Kama nimekosea bendera, hapa ndipo programu inapokufa, na kule chini watu wa pampu wamevua kofia wanamwombolezea mtu asiyejulikana, maji yakiwafikia magotini.

Ukalia wa tatu. Ukalia wa nne. Mhandisi Mkuu alikaa sakafuni, kalamu zikamwagika, hakuziokota.

Watu walitoka shimoni kwa makundi, na akina mama getini walinyamaza mmoja mmoja kila alipomwona wake. Watu wa pampu walitoka mwisho, matope mpaka kifuani. Mume wangu alikuwa kichwa wazi.

Sikuwa mgodini muda mrefu baada ya hapo. Nilifanya kazi kwenye kampuni ya simu Mwanza, kisha nikafundisha chuo kimoja Kahama, na kila darasa jipya nililianza kwa bendera. Wanafunzi walinitania, "Mama Biti." Niliwaacha wacheke, lakini hakuna aliyetoka kwangu bila kujaribu kitu chake mara ya pili, na ya tatu, hata kama mara ya pili inatisha. Hasa kama inatisha.

Sasa nimestaafu, tunaishi Nyasubi, hapohapo Kahama, mimi na mzee wangu. Mapacha wana watoto wao. Sijawahi kumsimulia mume wangu habari ya mstari ule wa bendera kwa ukamilifu, ingawa alinipa nafasi jioni ileile, tumekaa jikoni, maji ya kuoga yakichemka.

"Kofia yangu imebaki chini," alisema. "Mlio wa pili ulipolia niliivua, nikaiweka juu ya pampu. Nikawa najiuliza, leo ni nani?"

Niliinuka nikachochea moto, ili asiuone uso wangu.