Njaa ya Muuza Juisi

Ukitaka kumwona Elinuru, nenda Magamba asubuhi, jikoni kwa mama mkwe wake, wakati ukungu bado umelala kwenye miti. Utamkuta ameinamia beseni la viazi sukari, vile vyekundu vinavyoacha mikono kama ya mtu aliyechinja. Anavisugua udongo, anavimenya, anavikatakata. Pembeni yake kuna karoti, matango, tangawizi na malimau. Mwanawe Lucian, wa miezi mitano, yuko mgongoni. Na mafigani kuna chungu cha makande ambacho Elinuru hakiangalii.

Hakiangalii kwa sababu akikiangalia mate yanamjaa, na makande yale si yake.

Hakuna aliyemnyima. Alijinyima mwenyewe.

Alipojifungua, mama mkwe wake, Bibi Sesilia, alimlea kama yai. Uji mzito wa pilipili manga, supu ya kuku, ndizi za kupikwa na nyama, na jioni makande yaliyoiva mpaka yanateleza. Kwa Bibi Sesilia, mzazi akitoka ndani mwembamba ni aibu ya nyumba nzima, watu watasema mkwe ni mchoyo. Basi Elinuru alikula. Akanenepa, mashavu yakakaribia kufunga macho. Siku ya kwenda kanisani kumbatiza mtoto, Bibi alitangulia, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda mnada.

Lakini Beatha naye alikuwepo. Huyu ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwenye saluni Lushoto mjini.

"He! Wifi!" alipaza sauti pale nje ya kanisa. "Umekuwa gunia la viazi lililofungwa kanga! Alen aliposhuka kutoka Shume alikutambuaje?"

Watu walicheka. Elinuru naye alicheka, maana wifi akikutania unacheka. Alen mumewe, anayepasua mbao huko Shume na kurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, alicheka pia, ila yeye alicheka akiangalia chini. Kicheko hicho ndicho kilichomwingia Elinuru.

Wiki iliyofuata Beatha alipanda Magamba na blenda yake ya zamani, pamoja na maelekezo aliyoyatoa kwenye simu. Glasi moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, na katikati hakuna kutafuna kitu. "Siku ishirini na moja tu, wifi. Utaniletea zawadi."

Siku ya kwanza Bibi Sesilia alipakua kama kawaida. Elinuru akasema, "Ahsante mama, nimeshiba juisi." Siku ya pili akasema hivyo hivyo. Siku ya tatu Bibi alisimama na sahani mkononi, mvuke unampanda usoni.

"Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, mama."

"Sawa."

Tangu hapo sahani yake haikuwekwa tena. Ndivyo ilivyo katika nyumba ile: mtu akirudisha sahani ya mama mara tatu, amekwisha sema lake. Hagombezwi wala habembelezwi, mpaka aombe mwenyewe. Na mkwe kuomba ni kazi ngumu kuliko kupanda Magamba na mzigo wa kuni kichwani. Kibaya zaidi, majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba yule binti hali kwa mkwewe kwa sababu anaogopa kuwekewa kitu. Bibi aliyasikia yote.

Mwili ulipungua kweli. Elinuru alikuwa analima viazi mviringo, anabeba maji, anabeba mtoto, ananyonyesha, hali. Angeachaje kupungua? Lakini sifa yote ilikwenda kwa juisi. Beatha alimpiga picha mpya, akaibandika ukutani saluni karibu na ile ya ubatizo, nene na nyembamba bega kwa bega. Wanawake waliokuja kusuka wakaanza kuuliza. Haukupita mwezi, Elinuru akawa anateremka Lushoto kila Jumanne na Ijumaa na ndoo ya chupa nyekundu, anakaa kwenye benchi chini ya picha zake.

"Sasa wifi, nisikilize," Beatha alimwambia. "Mjini hapa usionekane hata na andazi. Mtu akikuona unatafuna, biashara imekufa. Hawa hawanunui chupa. Wananunua kiuno chako."

Mwanzoni alifurahi, kwa nini tuseme uongo? Alimnunulia Lucian sweta la sufu. Alen akaja akasema, "Umekuwa msichana tena," akamwangalia bila kushusha macho. Siku ishirini na moja zikapita, zikaja nyingine ishirini na moja. Kila aliyekutana naye alimsifu. Mtu anayesifiwa asubuhi na jioni anaanzaje kusema ana njaa?

Alijikaza kisabuni. Alitafuna vipande vya karoti akijifanya anavionja. Siku moja alichukua kiazi cha kuchemsha, akaenda kukilia nyuma ya zizi la ng'ombe, amesimama, anameza kabla hajatafuna vizuri. Aliposikia hatua za mtu akawatupia kuku. Alikuwa jirani tu, anapita na jembe lake. Elinuru alibaki anawatazama kuku wakigombania kiazi, na aliona wivu.

Kisha Lucian akaanza kunyonya kwa hasira. Anavuta, anaachia, analia, anavuta tena. Elinuru alikamua titi kwa vidole akaona tone moja linasita kutoka.

Siku ya kliniki alipanga foleni na akina mama wengine. Nesi, mama wa makamo, alimweka Lucian kwenye mzani, akaandika kwenye kadi, akasimamisha kalamu. Mstari uliokuwa ukipanda kila mwezi ulikuwa umeinama.

"Mama, mtoto amepungua. Wewe unakula nini?"

Nyuma yake, karibu kabisa, alikuwa amesimama Esta, fundi cherehani wa mjini, na mwanawe wa miezi miwili. Esta alikuwa ameshaagiza chupa ya Ijumaa. Elinuru alihisi pumzi yake shingoni.

"Nakula, mama," alijibu.

"Unakula nini?"

"Chakula."

Nesi alimtazama mikono, akamtazama mifupa ya shingo. Akasema taratibu, "Maziwa hayatoki hewani, mwanangu. Ukianza kula vizuri sasa na kumnyonyesha mara kwa mara, huenda yakarudi baada ya siku kadhaa. Ukichelewa, sijui. Mlete wiki ijayo nimpime tena."

Walipotoka nje Esta alimshika mkono. "Manesi nao! Wanataka wote tuwe mapipa kama wao. Ijumaa usinisahau."

Ijumaa Elinuru hakumsahau. Esta aliingia saluni mtoto akiwa kifuani, ananyonya. Beatha alikuwa anachana nywele za mteja, wengine wawili wanasubiri zamu.

"Haya Mama Lucian, lete dawa. Nimeamua kabisa. Kuanzia leo sili, nakunywa tu, mpaka nifike pale." Akanyoosha kidole kwenye picha.

Elinuru alikuwa ameshashika chupa. Lakini saluni ilikuwa kimya kidogo wakati ule, na alimsikia mtoto wa Esta akimeza. Glu, glu, glu. Sauti ya koo dogo lililojaa. Kwa mwanawe alikuwa hajaisikia wiki tatu.

"Sikuuzii," alisema.

"Unasemaje?"

"Kama ni kunywa bila kula, sikuuzii. Juisi haina ubaya, Mama, ni karoti na viazi sukari. Lakini kula kwanza. Kula ugali, kula maharage, ndipo unywe. Mimi sikula. Maziwa yamekauka. Lucian amepungua."

Kitana kilisimama mkononi mwa Beatha. "Wifi anatania huyo," alisema, akicheka bila meno.

"Sitanii, wifi."

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri aligeuka akatazama picha, akamtazama Elinuru. "Kwa hiyo hicho kiuno chote ni njaa?"

"Ni njaa, dada."

Wakaangua kicheko. Esta peke yake hakucheka. Alimfunika mwanawe kwa kanga, akatoka bila kuaga.

Beatha alimvuta Elinuru mpaka nje ya mlango. "Umenivua nguo mbele ya wateja wangu. Nimekutoa kwenye ugunia, nimekufanya mtu, na haya ndiyo malipo? Beba ndoo yako. Na Alen nitampigia mimi mwenyewe."

"Nisamehe, wifi."

"Beba ndoo."

Alipanda kwa miguu, mtoto mgongoni, chupa zikigongana kwenye ndoo. Alipita kwa muuza chapati, harufu ikamshika, akaendelea kutembea. Chapati ingemshibisha leo tu. Alichohitaji ni chakula cha kila siku, na hicho kilikuwa kwa mtu mmoja.

Bibi Sesilia alikuwa amekaa uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Elinuru alitua ndoo, akapiga goti. "Mama, naomba chakula."

Bibi aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine. "Blenda imeharibika?"

"Haijaharibika. Nina njaa. Na mtoto ana njaa."

"Miezi miwili na nusu," Bibi alisema, sasa akiinua macho. "Hata mzee wa kanisa ameniuliza kama nakunyima. Nimjibu nini? Kwamba mkwe wangu anaogopa mkono wangu?"

"Sikuogopa mkono wako, mama. Niliogopa maneno ya watu."

"Na mimi je, siyaogopi?"

Aliinuka bila kusema zaidi, akaenda jikoni. Akatoka na sahani ya makande iliyojaa pomoni, na parachichi zima juu yake. Elinuru alinyoosha mikono apokee aingie nayo ndani.

"Si huko." Bibi aliweka kigoda nje ya ua, kando kabisa ya njia. "Kaa hapa. Ule watu wakuone."

Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka mashambani. Elinuru alikaa, akala. Wa kwanza kupita alikuwa mama mmoja aliyenunua chupa zake mwezi mzima. Akasimama katikati ya njia. "Mama Lucian! Kumbe unakula?"

Kabla hajameza ajibu, Bibi Sesilia alidakia kutoka nyuma yake. "Anakula hapa kila siku! Nani aliwaambia hali?"

Elinuru aliumeza uongo ule pamoja na maharage. Sahani ya pili ikaja bila kuombwa, imejaa kama ya kwanza. "Maliza," Bibi alisema, na alivyosema ilieleweka kwamba hakuna kuinuka.

Akamshusha Lucian, akampa titi. Mtoto akavuta, akaachia, akanung'unika, akavuta tena. Elinuru aliinamisha kichwa mpaka sikio likakaribia koo la mwanawe, kijiko kikiwa bado mkononi. Nyuma yake Bibi Sesilia alisimama, mikono kiunoni, akiangalia ni nani mwingine anakuja njiani.