Ukuta Niliousiriba

Harufu ya udongo mweupe uliokorogwa na samadi mbichi bado hunirudisha nyuma miaka mingi. Siku hizi naikuta mara chache, kwa kuwa nyumba za upande wetu wa Njombe karibu zote ni za matofali na rangi ya dukani, lakini nikipita mahali mama anasiriba jiko lake la uani, miguu hukataa kuendelea. Wajukuu hudhani nimechoka, wananitafutia mahali pa kukaa. Sijachoka. Nimerudi katika shule yetu ya misheni, kilimani, saa kadhaa za mguu kutoka Njombe kwa barabara ya Makambako, nina umri wa miaka kama kumi, mikono imejaa udongo hadi viwikoni, na nina furaha kubwa kwa sababu najiona msichana hodari kuliko wote. Ile furaha ndiyo inayoniuma hadi leo.

Shule ilikuwa na vyumba viwili vya kuta za udongo na paa la nyasi. Chumba cha wakubwa kilikuwa cha hedimasta, mtu wa usafi na kengele. Chumba chetu kilikuwa cha Mwalimu Yeremia, Mbena mwenzetu aliyekwenda vita ya Mwingereza akiwa keya, yaani askari wake Mwafrika, na kurudi na koti refu la kijani, kikohozi, na jambo moja ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa nalo. Huko mbali aliwaona askari wa mataifa mengine wakisoma vijitabu vya picha zilizopangwa mstari kwa mstari, moja baada ya nyingine, hadi hadithi inaisha. Askari mwenye ndevu, alituambia, anacheka peke yake kama mtoto. Basi aliporudi na kupewa somo la tarehe, yaani historia, akakuta kitabu chenyewe ni kimoja, chake yeye mwalimu, na ndani yake wamejaa wafalme wa Uingereza na wake zao, alikifunga taratibu, akachukua mkaa, akaugeukia ukuta wa nyuma.

Alichora miraba. Sisi tuliiita vyumba. Katika kila chumba aliweka watu, na watu hao walikuwa wetu: wanawake wenye mgolole, wazee wenye vibuyu vya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mbwa, mabonde yetu yenyewe. Mkaa ulitoa weusi, udongo wa kichuguu ulitoa wekundu, na weupe ulikuwa ukuta wenyewe. Maneno aliyaandika ndani ya kiduara kama wingu kinachotoka mdomoni mwa mtu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kile kiduara. Asubuhi za Juni kwetu, baridi inapouma masikio, kila anayesema neno hutoa moshi mdomoni; tukajua mara moja kwamba Mwalimu amechora maneno ya watu wakati wa baridi. Alitufundisha hivyo jinsi watemi wa zamani walivyohamahama, jinsi misafara ilivyopita, jinsi Mjerumani alivyoingia na kujenga boma. Tulisoma kwa sauti, chumba baada ya chumba, na kila mmoja alipewa mtu wa kumsemea. Mimi niliwahi kuwa mbuzi wa mtemi, na nililia vizuri sana.

Kulikuwa na utaratibu mmoja. Hadithi ikiisha, wasichana tuliusiriba ukuta upya, ukakauka, na Mwalimu akaanza nyingine. Kwa hiyo watemi wote wale, na misafara yote, wamo bado katika ule ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, chini ya udongo wa mikono yetu. Tuliona ni sawa kabisa. Kusiriba ilikuwa kazi ya wasichana na sifa ya wasichana. Nyumba ilisiribwa kabla ya Krismasi, kabla ya harusi, kila alipotarajiwa mgeni wa heshima, na mama wa nyumba alijulikana kwa ukuta wake. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha: mkono wa kulia unapaka, wa kushoto unalainisha, na husimami katikati ya ukuta hata mvua ikikupiga.

Mwaka ule, mvua za kwanza zilipoanza, Mwalimu Yeremia alianza kuja nyumbani kwetu jioni jioni kuzungumza na Bibi. Walikaa jikoni, mlango ukiwa wazi, wakisema Kibena kwa sauti ya chini, nami nikikaribia Bibi alinituma kuni. Nilidhani wanazungumza habari za kanisa. Shuleni hadithi mpya ikaanza kuota ukutani. Ilikuwa ya vita vya Majimaji. Kijana mmoja amekunywa dawa, amekwenda na wenzake, amerudi peke yake na kujificha msituni ng'ambo ya mto. Vijiji vinachomwa, ulezi unachomwa ghalani. Dada yake mdogo, mtoto wa rika letu, ameonywa asitoke nyumbani, lakini kila siku anafikiria njaa ya kaka yake. Anajaza kikapu kidogo ulezi wa kukaanga, anashika njia. Mvua imenyesha. Nyayo zake ndogo zinabaki katika tope, chumba kizima Mwalimu alichora nyayo tu, na katika chumba kinachofuata kuna viatu vya askari.

Chumba cha mwisho kilikuwa mtoni. Mtoto yuko upande huu na kikapu chake, kaka yuko upande ule, ameinua mkono. Bado hajawaona askari walio nyuma ya mtoto. Anacheka. Sijui Mwalimu aliufanyaje ule uso. Ilikuwa mistari minne au mitano ya mkaa, lakini ulipoutazama ulijikuta na wewe unacheka, kisha unakumbuka viatu, unanyamaza. Hakuandika neno lolote. Mwalimu alikohoa, akasema, "Huu msiuguse. Naenda Makambako kutafuta karatasi kubwa, nitaunakili. Huu hautafutwa kama ile mingine. Mmesikia?"

Tukaitika, "Tumesikia, Mwalimu." Kwa miaka mingi watu waliponiuliza nilisema siku ile nilikuwa bondeni kuchota udongo, sikusikia. Nilisikia. Nilikaa dawati la mbele na niliitika kwa sauti kubwa.

Akapanda lori la magome ya miwati lililokuwa likienda Makambako, kwenye njia panda, ambako palikuwa na duka lenye karatasi za kufungia marobota. Alitegemea kurudi kesho yake. Mvua ikakata barabara. Na hedimasta akatangaza kwamba siku ya kufunga shule wazazi wote watakuja, na anataka kuta nyeupe ndani na nje. Akagawa kuta kwa wasichana. Mimi nikaangukia ule wa nyuma.

Siku ya kwanza nilikaa na udongo wangu bila kuugusa ukuta. Kuta za wenzangu zikaanza kung'aa. Mmoja akasema, wengine wakisikia, "Eliza amesahau kusiriba? Au bibi yake hakumaliza kumfundisha?" Wakacheka. Lingekuwa tusi langu peke yangu ningelimeza, lakini lilikuwa la Bibi, na Bibi alikuwa amesema atakuja. Yeye ambaye mguu wake ulimuuma na hakuwahi kukanyaga shuleni, alisema mwaka huu lazima aje, hata kwa kubebwa. Nikafikiri anakuja kunisikia nikiimba. Nikamwona akiingia, anakuta kuta tatu nyeupe na wa nne, wa mjukuu wake, umejaa mkaa. Damu ikanipanda kichwani. Nikajiambia Mwalimu atafurahi akikuta ukuta safi wa kuanzia hadithi nyingine. Nikajiambia pengine amekwisha kunakili. Mtu akitaka kufanya jambo hakosi la kujiambia. Asubuhi ya pili nikachovya mkono.

Nilianzia chini, kama nilivyofundishwa. Nyayo zilikwenda kwanza, kisha kikapu, kisha mto. Nilipofika kwenye uso wa yule kijana nilisita kidogo, nakumbuka vizuri. Udongo ulikuwa mwepesi na uso ulionekana bado ndani yake, unacheka. Nikaongeza mkono wa pili.

Siku ya kufunga shule Bibi alifika na fimbo yake, amevaa mgolole mpya, amejipaka mafuta. Watu walishangaa kumwona. "Kamwene, kamwene," alisalimu kila upande, akaketishwa benchi la mbele. Lakini hakututazama sisi waimbaji. Aligeuka benchini, akatazama ukuta wa nyuma. Akatazama wa kulia, wa kushoto, akarudi kwenye wa nyuma. Niliimba kwa nguvu zote nikidhani anausifu. Tulipomaliza, hedimasta akasimama na kusema kwamba katika kuta zote, ulionyooka kuliko zote ni wa Eliza, na akaomba watu wapige makofi. Wakapiga. Bibi peke yake hakupiga. Aliniita kwa kidole.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, Bibi?"

"Kaka yangu. Mwalimu alisema yuko ukutani."

Hapo ndipo nilipojua yule mtoto mwenye kikapu alikuwa nani. Nikainua mikono yangu, ambayo kwenye kucha bado ilikuwa na weupe, nikamwonyesha. Aliishika, akaitazama mbele na nyuma, akaiachia. Hakunipiga wala kunigombeza, na laiti angenipiga.

Mwalimu Yeremia aliingia watu wakiwa bado ndani, amelowa chapachapa, karatasi zake amezifunga ndani ya koti la kijani naye akitetemeka kwa fulana. Alitazama ukuta kabla ya kumtazama mtu yeyote. Hedimasta akaanza kueleza habari za usafi, kisha akaacha mwenyewe. Nikasema, "Ni mimi, Mwalimu." Akakubali kwa kichwa tu, akaenda kupiga magoti mbele ya Bibi, akatandaza karatasi juu ya benchi. "Nitamrudisha sasa hivi, mama," alisema. "Bado ninaye mkononi."

Akachora mto. Akachora mtoto na kikapu, na kijana ameinua mkono. Bibi akaitikia kwa kichwa kwa kila kitu, ndiyo, ndiyo, hapo palikuwa na jiwe. Ikafika usoni. Bibi akainama. "Huyu hacheki," akasema. Mwalimu akafuta kwa kiganja, akachora tena. "Huyu amekasirika," Bibi akasema. "Hakunikasirikia. Miaka yote hii wameniuliza kama alinilaani kabla ya askari kumuua, nami nimenyamaza, kwa sababu nani angeniamini? Alicheka aliponiona." Mwalimu akafuta mara ya tatu, ya nne. Mkono ulikuwa unatetemeka, sijui kwa baridi au kwa nini. Mwishowe akaweka mkaa chini akasema ule wa ukutani ulikuja wenyewe.

Nikalia. Nikataka angalau kumpa kitu. "Bibi, alikuwa anacheka kweli. Mimi nilimwona."

"Wewe ulimwona," Bibi akasema. "Haya. Twende nyumbani."

Mwalimu alimwachia ile karatasi, kila kitu kikiwemo isipokuwa uso, akaahidi kuja kuumalizia mkono ukitulia. Alijaribu mara mbili kabla ya Krismasi, Bibi akasema si yeye. Alipomwomba asimulie tena, huenda uso ungemrudia, Bibi alikataa. Alisema alimtoa kaka yake msituni mara moja na hana nguvu ya kumtoa tena. Januari Mwalimu akahamishiwa shule ya upande wa Tandala, milimani, na sikumwona tena. Bibi aliiviringa karatasi akaichomeka darini juu ya moto, moshi ukaifanya rangi ya chai. Baridi ya mwaka uliofuata ikamchukua. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno. Nilimchotea maji, nilimsiribia jiko, nikadhani ameelewa, na huenda alielewa, lakini neno lenyewe sikulisema.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule, hapa mjini, na kitabu cha historia cha picha. Ni kitabu kizuri, rangi tupu, vyumba vimepangwa kama vile vya Mwalimu Yeremia, na viduara vya maneno pia vimo. Mtoto amekisoma hadi kona zimekunjika. Anamjua kila jemadari. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja na mkaa, wao kila mtoto ana chake, wala hakuna msichana anayeweza kukifuta kwa mikono miwili. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Kisha akafika ukurasa wa Majimaji, wenye watu wengi wanaokimbia na mikuki, akaniuliza, "Bibi, wa kwetu yuko wapi?"

Nikamletea karatasi ya rangi ya chai, nikaitandaza mezani. Alisoma picha vizuri, mto, kikapu, jiwe, mkono ulioinuliwa, akafika kwenye uso mtupu. "Alikuwaje?" akauliza. Nikamwambia alikuwa anacheka. Akafungua mkoba wake, akanipa penseli, akasogea karibu ili aone. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeuona uso ule. Niliishika penseli hadi ikapata joto, kisha nikamrudishia.