Shikamooni, Mkate Umetoka

Supamaketi yetu ilipoanza kuishiwa bidhaa, bosi aliamuru tusiache rafu tupu, kwa sababu rafu tupu inamfukuza mteja. Yeye alikuwa Dar es Salaam, ni rahisi kuamuru ukiwa kule. Kitu pekee kilichobaki kwa wingi stoo kwetu kilikuwa siki. Basi tukapanga siki. Siki mahali pa mafuta ya kula, siki mahali pa juisi, siki mahali pa nepi za watoto. Mteja akiuliza sukari iko wapi, nilimwambia apite siki, akate kushoto, akikutana na siki tena ajue amepotea. Siku hizo nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, na nusu ya kicheko hicho ilikuwa hasira tu.

Wafanyakazi nao waliisha. Kila aliyeondoka aliacha aproni yake ya kijani ikining'inia nyuma ya mlango wa stoo, na hakuna aliyeletwa kuivaa. Mwishowe tukabaki watatu. Kaunta nilikuwa mimi. Jikoni alikuwepo mama wa mikate, mzaliwa wa Ngarenaro ambaye wazazi wake walitokea Tanga, mpole ajabu, aliyekuwa hapo kabla yetu sote. Mlangoni alikuwepo mzee mlinzi, Mwarusha wa huku juu mlimani, mwenye ng'ombe wake na kanisa lake. Aliajiriwa kulinda, lakini sasa alikuwa anapima vitunguu, anapanga siki na kutangaza kwenye kipaza sauti.

Meneja alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo nilikuwa meneja pia. Mteja akidai kuonana na mkubwa, nilimwomba asubiri, nikaingia stoo, nikavua aproni, nikavaa koti, nikarudi nimekunja uso. Kuna mama mmoja wa Njiro aliniangalia kwa muda mrefu.

"Si wewe uliyekuwa hapa sasa hivi?"

"Yule ni mdogo wangu," nikamjibu.

"Ana kiburi yule."

Nikamwahidi kwamba nitamsema nyumbani.

Bosi alituangalia kwa kamera, kwenye simu yake. Kamera zenyewe zilikuwa za zamani, hazisikii, na zinaona kwa ukungu. Kwake mtu alikuwa ni aproni inayotembea. Aproni ikikaa chini, simu ya kaunta inaita, na sauti inasema, "Nawaona." Hakusalimia hata siku moja.

Nadhani ndiyo maana nilimpenda sana yule mzee. Yeye hakuweza kutangaza kitu bila salamu. Nilimfundisha: bonyeza kitufe, sema mkate umetoka, achia. Yeye akabonyeza, akakohoa, akasema, "Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Poleni na baridi. Mkate umetoka." Kisha akabaki amebonyeza, anasubiri. Huko kwenye rafu watu wakaangaliana. Mmoja akaitikia marahaba, mwingine hatujambo, ndipo akaachia.

"Mzee," nikamwambia, "tangazo huwa halijibiwi."

"Sasa nimsalimie mtu halafu nimfungie mlango?"

Nikaacha. Na kusema kweli, wateja walizoea haraka. Wengine walikuja kwa ajili ya salamu tu, wakanunua siki kwa aibu ya kutoka mikono mitupu.

Mwaka huo binti wa mama wa mikate alipata mchumba, na ndoa ikapangwa Jumamosi, nyumbani kwao, baada ya swala ya adhuhuri. Mama akaomba ruhusa ya siku hiyo moja. Bosi akasema hakuna mtu wa kumshikia, asubiri mpaka apatikane. Hakuna aliyekuwa anatafutwa, tulijua wote. Mimi nilichemka, nikataka kumpigia bosi simu nimwambie yaliyomo moyoni. Mama akanishika mkono. Alisema kazi ndiyo iliyomlea huyo mtoto, na yeye angeenda jioni.

Jumamosi ikafika, na kwa ukaidi wa dunia watu wakajaa kuliko sikukuu. Foleni ilianzia kwangu ikapinda kwenye siki. Mama alitoa trei ya mwisho ya mikate asubuhi ile, akaileta kaunta, pembeni ya kipaza sauti. Mzee akabonyeza kitufe. "Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Mkate umetoka." Akawa anasubiri kuitikiwa, kidole kikiwa pale pale. Nikamtazama mama usoni.

"Mama, unalia?"

"Unga umeniingia machoni."

"Unga gani na mikate imeshaiva?"

Hapo akashindwa. "Leo watamwuliza mwanangu chumbani kama ameridhia," akasema. "Yule akiona watu sauti haitoki, unamjua. Nani atamshika mkono? Mimi nipo hapa nahesabu mikate."

Maneno yake yalitoka juu kwenye dari, makubwa, yakafika mpaka mwisho wa siki. Mzee alikuwa bado amebonyeza. Kutoka huko nyuma tukasikia sauti ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akija kila Jumamosi.

"Mama, ndoa saa ngapi?"

Mama akainua uso, akaijibu dari. "Saa nane, mwalimu."

"Na wewe unafanya nini hapo?"

Sijui kuieleza vizuri ile saa iliyofuata. Mwalimu alikuja mbele, akauliza kama kamera zinatambua sura. Nikamwambia zinatambua aproni tu. Akaingia stoo, akatoka na aproni nne mkononi, akavaa moja, nyingine akazigawa kama anagawa madaftari. Fundi magari wa Sakina, mikono yote grisi, akapewa kukata mikate. Nikapiga kelele. Akapewa vitunguu. Mama mmoja wa Kimandolu akafunga aproni na mtoto mgongoni, akaanza kupanga foleni kwa ukali ambao mimi meneja sikuwahi kuwa nao. Mzee alisimama nje akasimamisha bodaboda kwa mkono mmoja.

"Yeyo, panda," akamwambia, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Huku tupo."

Akapanda, akiwa bado haamini, na pikipiki ikaondoka.

Tukafanya kazi kama wendawazimu wenye furaha. Mwalimu aliwakosoa wateja mahesabu yao. Fundi aliuza vitunguu huku akimpa mtu ushauri wa breki. Mzee alitangaza kila baada ya muda mfupi, hata bila habari yoyote, "Shikamooni, tunaendelea vizuri," na duka zima likaitikia kwa sauti moja. Simu ya kaunta haikuita kabisa. Jioni nilikaa chini kwenye sakafu, nyuma ya kaunta, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka.

Jumatatu asubuhi mama akaja na hina mikononi na kopo la pilau. Tulimzunguka tukitaka habari. Aliwahi, akasema. Alimshika mwanawe mkono, na sauti ikatoka, tena kubwa.

"Lakini nilisahau kuvua aproni," akasema.

Alikuwa ameruka kwenye pikipiki, akakimbilia chumbani, na hakuna aliyewaza nguo. Ndoa ikapita. Alipotoka uani, shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akamwita: dada, huku wali haujafika. Mama akachukua sinia, akapeleka. Mwingine akamwambia maji. Akapeleka. Nilikuwa nimeshaanza kucheka, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka, mpaka anajishika kiuno.

"Nimezunguka na sinia la tatu," akasema, "nimefika katikati ya watu, ndipo nikajiuliza, kwani mimi hapa ni nani?"

Mzee hakucheka.

Mama akafungua mkoba, akatoa aproni. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Akaiweka kaunta, akaisogeza kwangu kwa vidole viwili.

"Nimeleta hii, mwanangu. Harusi bado haijaisha, wageni wapo. Naenda kukaa kwenye kiti kama mama."

Akatukumbatia, akatoka. Mzee akamfungulia mlango ambao hujifungua wenyewe.

Pilau lilikuwa bado la moto simu ilipoita.

"Jumamosi nimewaona," bosi akasema. Kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha. "Mlikuwa mnakimbia mpaka mnaonekana wengi. Sasa mnaona? Watatu mnatosha."

"Ndiyo, bosi."

"Halafu mbona leo jikoni hamna mtu? Mama wa mikate yuko wapi?"

"Ameenda harusini."

"Harusi ya nani?"

"Ya binti yake."

"Si ilikuwa Jumamosi hiyo?"

Nikaitazama aproni pale kaunta, na hina iliyoacha alama hafifu kwenye ukingo wake.

"Jumamosi alikuwa kazini," nikasema.