Miaka mitatu nilishona mfuko mmoja Athi River, hadi nikakataa

Wakuu, habari zenu. Nimesoma uzi wa yule jamaa anasema siku zake zinafanana hadi haoni sababu ya kuamka. Nikaona nimpe yangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, na sijapaka rangi.

Mimi ni mtu wa Katelembo, kule Machakos. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilipata kazi EPZ Athi River, kule kwa viwanda vya kuuza nje, kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kushoto.

Wa kulia ulikuwa wa Mwende, tuliyekaa naye bega kwa bega.

Ni hiyo tu. Unachukua kitambaa, unalinganisha, unashona, unasukuma mbele. Jumatatu mpaka Jumamosi. Miaka mitatu.

Sikuwahi kuona suruali moja ikiwa imeisha.

Najua kuna mtu atasema kazi ni kazi. Nakubali, ilinilisha. Lakini jioni moja dada yangu aliniuliza siku ilikuwaje, nikashtuka kwamba nimemjibu maneno yale yale wiki nzima. Yeye hata hakuwa anasikiliza tena. Wala mimi.

Nikamwambia Mwende nahisi kama niliishi siku moja tu, sasa wananirudishia hiyo hiyo.

Akasema, "Kalekye, usifikirie sana. Ukifikiria hutafika jioni."

Alikuwa na nia nzuri. Ni mkubwa wangu kiumri, mama wa watoto wawili. Lakini hilo jibu lilinikasirisha vibaya. Sikutaka kufika jioni nikiwa sipo.

So nikaanza kujifunza mashine za wengine saa ya lunch. Nakula mbio, naenda kwa msichana wa zipu, namwomba anionyeshe. Wiki ingine niko kwa wa kiuno.

Supervisor akaniona. "Wewe ni wa mifuko," akasema. "Ukitaka kutembea, geti iko wazi."

Nikasema sawa. Kesho yake lunch nikarudi kwa zipu.

Siku moja yule msichana hakuja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Line ikakwama, vitambaa vikarundikana kwa kiti chake. Nikatoka kwangu, nikakaa hapo, nikaanza kushona zipu.

Supervisor akaja akasimama nyuma yangu.

"Toka hapo."

"Nikiharibu moja, nitatoka," nikamwambia. Sikuinua macho. Mguu sikuutoa kwa pedali.

Akachukua suruali ya kwanza, akavuta zipu juu, chini. Akachukua ya pili. Akazirudisha kwa rundo, akaenda zake. Mwende alishona mifuko ya pande zote mbili siku hiyo, na hakulalamika hata kidogo.

Msidhani nilipandishwa cheo. Asubuhi iliyofuata nilirudishwa mfuko wa kushoto, na juu yake nikapewa barua ya onyo. Nikaikunja nikaweka. Lunch nikaendelea kuzunguka, karibu mwaka mzima, hadi nikajua mashine zote za line.

Halafu nikaazima cherehani ya jirani, nikamshonea baba suruali nzima, kuanzia kukata hadi kifungo. Mguu mmoja ulitoka mrefu kidogo. Mwaitu, mama yangu, alicheka hadi akakaa chini. Baba akaivaa kanisani hivyo hivyo, na akakataa kuivua hadi jioni.

Baadaye niliacha kiwanda. Siku hizi nashona uniform za shule Machakos mjini. Na ukweli ni kwamba sketi ya kijivu inafanana na sketi ya kijivu. Kurudiarudia hakukuisha.

Nilichojifunza ni kwamba siku zikitaka kufanana, zifanane. Mimi nitakuwa na kitu ambacho jana sikukijua. Wiki hii ni kola ya koti. Nimeiharibu mara nne, na kesho naifumua tena.

Haya, nyinyi mnaofanya jambo moja kila siku, mnajishikilia na nini? Andikeni hapo chini. Mniambie chochote, lakini msiniambie nizoee.