Paipu ya Uani

Fundi wa kwanza hakugusa chombo chochote. Alilala kifudifudi kwenye simiti ya ua wangu, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa tangi la chini, akavuta pumzi kwa pua, kisha akabaki pale kwa muda hata nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Alikuwa mtu wa makamo, mguu mmoja umedumaa kwa maradhi ya utotoni, anatembelea gongo. Jirani yangu hapa Bombolulu ndiye aliyenielekeza kwake. Alisema mtu yule hana papara, na kazi yake hairudiwi.

Alipoinuka alinionyesha kwa ncha ya gongo. Paipu ya maji machafu, ile inayotoka choo cha wapangaji kwenda shimoni, ilipita futi mbili tu kutoka ukuta wa tangi la maji safi. Marehemu mume wangu ndiye aliyeijenga hivyo, maana ua ni mdogo na wakati huo tulikuwa hatuna mpangaji hata mmoja.

"Paipu imepasuka mahali," fundi akasema, "na tangi lina ufa. Sasa hivi harufu ni ndogo. Lakini mvua za masika zikianza, dada yangu, ardhi ikishiba, uchafu utavuka."

"Ni kiasi gani kuitengeneza?"

Akatoa kidaftari mfukoni, akaandika huku ameegemea ukuta. Kuchimba ua mzima. Kung'oa paipu yote na kupitisha nyingine upande wa pili, mbali na tangi. Chemba mbili za kuzibulia. Kulikausha tangi na kulipiga plasta upya. Vifaa elfu ishirini na tatu, ujira wake na wa wachimbaji wawili elfu kumi na tano.

Nikacheka. Nilikuwa karani wa shule kwa miaka mingi, bei za mafundi zimepita mezani kwangu kwa marobota, na nilijiona najua jinsi fundi anavyomkamua mjane.

"Wallahi, kungekuwa na mwanamume katika nyumba hii usingenitajia bei hiyo."

Hakukasirika. "Kuchimba ndiko kunakokula pesa, dada. Paipu yenyewe si ghali. Ukimpata wa kukufanyia kwa rahisi, mwulize atachimba wapi." Akapokea mia tatu zake za kuja kuangalia, akaenda zake.

Pesa nilikuwa nazo, na hilo sitalificha. Binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Kiembeni, na nilikuwa nimeweka akiba ya kutandika taili ukumbini ili wakwe wasije wakakanyaga sakafu yangu iliyobanduka. Nikajiambia paipu imekaa miaka yote hiyo, itangoja.

Hata hivyo sikutaka kuonekana nimepuuza. Nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara, pale mafundi wanapokaa wakingoja kazi, nikamchukua mmoja aliyetaka elfu sita kwa kila kitu. Akaja na mfuko wa simiti na kipande cha mpira wa tairi. Akachimba mahali pamoja palipokuwa na unyevu, akauzungusha mpira ule kwenye paipu, akaupaka simiti, akafukia. Adhuhuri haijaadhiniwa amekwisha nawa mikono. Siku ile nilimsimulia jirani yangu kwa furaha jinsi yule wa gongo alivyotaka kuniibia.

Taili zikatandikwa. Wakwe wakaja, wakazisifu.

Nina vyumba vitano vya kupangisha nyuma ya nyumba. Chumba cha tatu walikaa mume na mke, watu wa bara ya Kaloleni. Mume alivunja mawe kwenye machimbo ya Mwakirunge, mke alisuka nywele kibarazani. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Kila asubuhi alikuja na ndoo uani, akainama kidogo. "Shikamoo, mama." Nami nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Akajaza ndoo kwenye mfereji, bomba linalotoka tangini, akaenda. Maji yale ndiyo aliyopikia, ndiyo aliyokunywa. Mimi ya kunywa nilinunua kwa mitungi kwa mchuuzi wa mkokoteni.

Mvua zilipoanza hazikukatika kwa wiki mbili. Watoto wa chumba cha kwanza wakaanza kuharisha. Nikasema ni maembe mabichi. Kisha mama yao. Kisha alasiri moja mume wa chumba cha tatu akabisha mlango wangu, miguu bado ina tope jeupe la mawe.

"Mama, mke wangu hasimami."

Tukamtia kwenye tuktuk. Mwili ulikuwa moto kama kaango, macho yamezama. Hospitali wakasema homa ya matumbo, na kwamba amekaukiwa maji mwilini. Siku ya tatu mtoto alitoka, hana uhai.

Nilikwenda kumwona na chupa ya uji. Alikuwa amelala upande, akanishika mkono. "Mama, umeacha kazi zako kuja kuniona. Mungu akubariki." Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu akauliza, "Maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Kwa mama hapa, uani," mumewe akajibu.

Muuguzi akanigeukia. Nikasema, "Ni ya mfereji." Na kweli ni mfereji wa mji unaolijaza tangi langu, zile siku maji yanapofunguliwa. Muuguzi akaandika. Nikaiweka chupa ya uji kando ya kitanda, nikaaga.

Niliporudi nyumbani nilifunua tangi, nikalala kifudifudi kama alivyolala yule fundi, nikiwa na buibui langu mwilini. Sikuhitaji kuvuta pumzi kwa nguvu. Nikaufunga mfereji kwa waya, nikawaambia wapangaji pampu imeharibika. Nikampigia fundi wa gongo simu.

Alikuja kesho yake na wachimbaji wawili. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno yake, naye akawaonyesha tu wachimbaji pa kuanzia. Walipofukua, ile simiti ya elfu sita ilikuwa nzima, ngumu, haina hata mstari. Paipu ilikuwa imepasuka hatua moja mbele yake, chini kabisa, usawa wa ufa wa tangi. Udongo katikati ulikuwa mweusi na laini.

Sasa bei ilikuwa elfu hamsini na moja, kwa kuwa ukuta ule wa tangi ulibidi ubomolewe, na uchafu ufyonzwe kwa gari. Niliuza bangili mbili. Sikuomba nipunguziwe hata shilingi.

Siku ya kumaliza alinawa, akaketi kwenye ukingo wa baraza. "Wapangaji wamejua?"

"Wamejua nini?"

Akanitazama, kisha akatazama gongo lake. "Mimi kazi yangu ni paipu, dada," akasema, akaondoka.

Yule mke wa chumba cha tatu aliporudi kutoka hospitali, nilimwita ukumbini kwangu. Nilikuwa nimekariri maneno, na yote yakanitoka kichwani. Nikamwambia tu kwamba ugonjwa ulitoka kwenye tangi langu.

"Ulijua, mama?"

"Niliambiwa."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Alitazama sakafu. Nilidhani atalia, na nilitamani alie, nipate la kufanya. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Na wewe, ulikuwa unayanywa?"

"La."

Akainuka akishikilia ukuta. Tangu siku ile hakuniita mama.

Walihama mwisho wa mwezi na mkokoteni mmoja. Nilimpa mumewe amana yake ya chumba, na juu yake bahasha nyingine. Akahesabu amana, akaitia mfukoni, ile bahasha akaiweka kizingitini bila kuifungua. Nilitaka kuuliza mtoto walimzika wapi. Sikuweza.

Wale wengine nao niliwaambia, mlango kwa mlango. Mama wa chumba cha kwanza alinitukana mbele ya wanawe, nikasimama nikasikiliza mpaka alipochoka. Alihama pia. Watatu walibaki kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda.

Chumba cha tatu kilikaa kitupu miezi saba. Mtu wa kwanza kuja kukitazama aliuliza kama maji ni mazuri. Nikamjibu, ni mazuri sasa. "Sasa?" akashtuka. Nikamweleza yote, akashukuru kwa adabu, hakurudi. Aliyefuata alikuwa mlinzi wa lango. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kodi.

"Nitakunywa ya kununua," akasema, na Jumamosi akaleta godoro lake.