Fundi Aliyelala kwa Niaba ya Kampuni

Masilamani, fundi wa magari nyuma ya stendi ya Dindigul, kusini mwa India, hakuwahi kuamini tangazo la gari hata moja, na ukuta wa gereji yake ulikuwa shahidi. Kila tangazo lililotoka gazetini alilikata, akalibandika kwa uji wa ngano, na pembeni yake akaandika kwa kalamu nyekundu yale aliyoyaona yeye baada ya kulifungua gari lenyewe. Kampuni moja ilisema gari lake ni mbuzi wa milimani. Masilamani akaandika: "Kweli. Kwenye kona ya saba ya mlima Sirumalai lilisimama, likakataa hata kuvutwa." Nyingine ilijigamba kwamba lita moja ya petroli inalipeleka gari lake kilomita ishirini na nane. Hao aliwaandikia barua kuwauliza hizo ni kilomita za nchi gani. Wakamjibu kwa adabu zote kwamba vipimo vilifanywa bila abiria, bila kiyoyozi, bila upepo na bila mlima. Akaibandika barua yao na kuandika chini yake: "Bado kuliondoa gari lenyewe."

Watu walikuwa wanakuja kuusoma ukuta ule kabla ya kukanyaga duka la magari. Dindigul ni mji wa mafundi wa makufuli, na watu wake hawanunui kitu mpaka wakitikise wasikie kinavyolia. Daktari alikuja, muuza biriani alikuja, hata padri wa kanisa kubwa alikuja akajifanya anatafuta kivuli.

Lakini Masilamani alikuwa na sharti lake moja, na kwa sharti hilo alikuwa mgumu kuliko jiwe la kusagia. Hasemi neno juu ya injini asiyoifungua kwa mikono yake. Hasifii, hakandii, hata uso haukunji. Baba mkwe wake alimwuliza kuhusu trekta fulani akiwa mahututi kitandani, akamjibu kwamba hajaifungua. Mzee wa watu akafa bila kujua.

Sasa ndipo ilipokuja Arjita.

Arjita lilikuwa gari jipya, jeupe, lenye taa za kurembua, na boneti lake lilikuwa limepigwa lakiri. Ndiyo, lakiri, kama sanduku la kura. Kampuni ilisema injini ile ni imara kiasi kwamba hakuna haja ya kuifungua kwa miaka mitano, na atakayeikata lakiri hiyo amejikatia dhamana yake mwenyewe. Arjita ikiharibika, mwenye gari anapiga simu kwa kampuni, mjini Madurai. Linakuja lori, gari linafunikwa turubai, linaondoka, na baada ya wiki tatu linarudishwa limeoshwa. Hakuna fundi wa mji mzima aliyewahi kuchungulia humo ndani. Mafundi wa makufuli waliichukulia kama tusi la familia.

Duka la Arjita nalo lilikuwa na akili ya kuudhi. Mteja akisitasita, muuzaji alimwambia tu, nenda kwa Masilamani, yule asiyeamini kitu, ukamwulize ametengeneza Arjita ngapi. Mteja anakuja, anauliza. Masilamani, ambaye hakuwahi kusema uongo gereji, anajibu kwamba hajatengeneza hata moja. Mteja anashukuru, anarudi dukani anachekelea. Kwa mwezi mmoja tu, mtu aliyewachukia watu wa matangazo kuliko kutu alikuwa amewauzia magari kumi na manne. Alikonda. Usiku mkewe alimsikia akisema na mto.

Hata hivyo angelimeza hilo, kama si dada yake.

Poongavanam, mdogo wake wa pekee, alikuwa amepika chakula cha mchana cha watoto wa shule ya serikali kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu akiwa na magoti mabovu, jicho moja lililoharibiwa na moshi, na kiinua mgongo. Hicho kiinua mgongo chote, bila kubakiza hata cha kununulia nazi, alitaka kukitia kwenye gari la kubeba waumini wanaokwenda hekalu la Palani, na mkwe wake Ilango ndiye aendeshe. Gari likienda, amepumzika. Likikwama, anarudi jikoni kwa watu, safari hii kwa magoti hayo hayo. Na Ilango, kijana mwenye mdomo mtamu na kichwa cha kukopa maneno kwenye tivi, alishaamua kwamba gari lenyewe ni Arjita. Walikuwa wamepanga kulipia siku ya Deepavali, sikukuu ya taa, kwa kuwa ni siku ya heri.

Masilamani alizunguka gereji kama kuku anayetaka kutaga. Ampe dada yake sababu gani? Hajaifungua.

Kwa hiyo alipokuja bwana Dinkar wa kampuni, mtu wa suti na kijasho, kumwomba acheze kwenye tangazo la tivi, Masilamani hakumfukuza. Bwana Dinkar alieleza kwamba wao wanataka jambo dogo sana. Fundi alale kwenye benchi mbele ya gereji iliyofungwa, Arjita ipite, basi. Watu waelewe kwamba Arjita imemkosesha fundi kazi. Akauliza ni siku gani fundi huwa hana shughuli.

Masilamani akamwambia ni siku moja tu kwa mwaka, Ayudha Puja, sikukuu ya zana. Siku hiyo spana, nyundo na jeki huoshwa, hupakwa sandali na unga mwekundu, hupangwa mbele ya picha ya mungu wa kike Saraswati, na hakuna anayezigusa mpaka kesho yake asubuhi. Hata wembe haunyoi. Bwana Dinkar akafurahi kupita kiasi. Masilamani akaongeza sharti lake: wakimaliza kupiga picha, wamfungulie boneti aangalie ndani, dakika mbili tu. Bwana Dinkar akasema hilo litazungumzwa, na wote tunajua maana ya kuambiwa hivyo.

Siku ikafika. Migomba ilikuwa imefungwa mlangoni, maboga yamepasuliwa barabarani kufukuza kijicho, zana zote zimelala kwa mungu wake. Poongavanam alikuja na bakuli la dengu za sikukuu, amevaa bangili zake, tano za kijani na moja nyekundu, kwa kuwa ya sita ya kijani ilivunjikia kwenye sufuria la shule mwaka aliostaafu. Mwongozaji wa picha, mtu wa Mumbai mwenye kofia, alimlaza Masilamani kwenye benchi na kumfundisha kulala. Mtu wa miaka hamsini na sita anafundishwa kulala! Fungua mdomo kidogo. Si hivyo, huo ni wa maiti. Mkono udondoke. Usikunje uso, fundi, wewe una furaha, huna kazi.

Arjita ikatokea kwenye kona ya hekalu, nyeupe, inang'aa, ndimu za baraka zimepasukia chini ya magurudumu yake. Ikapita duka la kwanza. Ikapita la pili. Mbele ya duka la muuza maua ikakohoa mara moja kama mtu anayetaka kusema jambo, ikazima.

Dereva akatia ufunguo. Kimya. Akatia tena. Kimya. Bwana Dinkar akapiga simu Madurai lije lori, akaambiwa lori leo limevishwa shada la maua na dereva wake hawezi kuligusa, ni Ayudha Puja huko pia.

Masilamani aliamka kutoka usingizi wa kampuni akaenda mpaka pua yake ikagusa boneti. Alikuwa hajawahi kuikaribia Arjita namna ile, na moyo ulimwenda mbio kama bwana harusi. "Bwana Dinkar," akasema, "ikate hiyo lakiri. Nione tu."

"Haikatwi hapa, fundi. Na hata nikiikata, utaifungua kwa nini? Spana zako si zimelala?"

Masilamani akageuka akazitazama spana zake. Zilikuwa mita nne tu kutoka pale, zimepakwa sandali, zina ua kila moja. Nambari kumi na mbili ndiyo ingetosha. Miaka arobaini hakuwahi kuigusa zana siku ile, na baba yake kabla yake hakuwahi. Akasimama hapo, huku lakiri ya kampuni, kule lakiri ya mungu, mikono inamwasha. Nawaambia alitia huruma.

Aliyewatoa hapo ni mwongozaji. Yeye alikuwa anatazama kwenye kioo cha kamera akitabasamu. Alisema gari halijawahi kuwa kimya namna ile, kwamba huo ndio utulivu wenyewe aliokuwa anautafuta, sasa tafadhali lisukumwe. Wakakusanywa watu kumi na mmoja, wainame nyuma ya gari wasionekane. Muuza maua alisukuma. Ilango alisukuma. Bwana Dinkar alivua koti akasukuma. Poongavanam aliweka bakuli chini, akapandisha sari kidogo, akatia mkono pembeni ya taa ya nyuma na kusukuma kwa magoti yale yale. Mara tatu, kwa kuwa mwongozaji hakuridhika na mwanga. Boga lililopasuliwa likawatelezesha wawili. Na Masilamani, kwa amri, alikuwa benchini amefumba macho, akiwasikia ndugu zake wanahema mbele yake.

Jioni, kampuni ilipokwisha kuondoka bila kufungua chochote, alimfuata dada yake kwenye baraza. Alijua safari hii hahitaji maneno mengi.

"Umeona mwenyewe," akasema.

"Nimeona." Poongavanam alikuwa anajisugua goti kwa mafuta. "Ilango anasema ni betri tu. Gari limetoka mbali, limechoka. Kwani wewe umeifungua, kaka?"

"Sijaifungua."

"Basi usiseme."

Angefanya nini? Sharti lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelitangaza mji mzima, na sasa limekuja kumfunga yeye mwenyewe. Kwa siku ishirini alikaa nalo. Akila, lipo. Akilala, safari hii bila kamera, halali.

Asubuhi ya Deepavali familia yote ilikuwa kwa Poongavanam, wameoga mafuta, wamevaa nguo mpya zenye manjano ya baraka kwenye pindo, wanakula idli, vile vitumbua laini vya mchele, na mchuzi wa mbuzi mbele ya tivi. Fomu ya kununulia Arjita ilikuwa juu ya meza, nayo imepakwa manjano pembe zote nne, kiinua mgongo kiko ndani ya bahasha chini yake. Saa ya heri ilikuwa saa tano. Masilamani alikaa mlangoni akiwa ameipa fomu mgongo.

Tangazo likaja katikati ya kipindi. Mtaa wao ule, lakini msafi kuliko walivyowahi kuuona, sijui walifua lini. Masilamani amelala mdomo wazi kama mtoto mchanga, watoto wa nyumba wakaangua kicheko. Arjita ikapita, inateleza bila mlio wowote, uzuri mtupu. Sauti nzito ya mwanamume ikasema: "Arjita. Haihitaji mkono wa mtu."

Na hapo hapo, pembeni ya taa ya nyuma, kwa nukta moja tu, ukaonekana mkono. Bangili tano za kijani, moja nyekundu.

Nyumba ililipuka kwa furaha. Mama yuko kwenye tivi! Majirani waliitwa kupitia dirishani. Ilango alipiga magoti mbele ya tivi akiomba lirudiwe, na likarudiwa baada ya robo saa, na tena baadaye, na kila mara walihesabu bangili kwa sauti. Ilango akasema sasa hakuna tena cha kufikiri, hakuna familia India nzima iliyo na mkono wake ndani ya tangazo la gari lake, hii ni ishara, mama atie sahihi.

Mara ya tatu Poongavanam aliusogelea mkono wake pale kwenye kioo, kwa lile jicho lake zima, mpaka ukapotea. Kisha akaiondoa bahasha chini ya fomu na kuitia kifuani.

"Ilango," akasema, "injini ya gari hilo ninayo tayari. Niinunue mara ya pili ya nini?"

Ilango akaanza habari za betri. Akaambiwa ale idli zake.

Kesho yake asubuhi Poongavanam alifika gereji ameishika fomu ile yenye manjano, na picha ya tangazo aliyoikata gazetini, Arjita na fundi wake amelala. Akavibandika vyote viwili mwenyewe ukutani, kwenye nafasi iliyokuwa wazi katikati ya mbuzi wa milimani na kilomita ishirini na nane. Masilamani alikuwa ameshika kalamu nyekundu, hajaiinua. Hata sasa hakuweza. Machozi yalimlenga kwa ukaidi wake mwenyewe.

"Lete hiyo kalamu," dada yake akamwambia. "Wewe hujaifungua. Mimi nimeisukuma."

Akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika mahudhurio ya watoto kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko: "Inahitaji mikono ya watu kumi na mmoja. Mmoja ni wangu. Poongavanam, mpishi mstaafu, mara tatu." Masilamani akamshikia kopo la uji, na alipomaliza akamwuliza taratibu kama angependa wakatazame gari moja kuukuu la padri, ambalo yeye amekwisha kulifungua mara tisa.