Mama Unga ajenga spika ili amsikie bintiye

Kabla mkanda haujashika kasi, Mama Unga anaweka kiganja chake cha kulia kwenye ubavu wa mashine na kusubiri. Mota inanguruma, bati la paa linaitikia, na vumbi jeupe linaanza kutua kwenye nyusi zake. Mteja wa kwanza anapaza sauti kuuliza kama asubiri au aende arudi. Mama Unga anamtazama midomo, anamwonyesha benchi kwa kidevu, kisha anamimina debe la mahindi.

Ni mjane wa miaka hamsini na minane, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki akisaga nafaka za watu. Jina alipewa na wateja. "Ningelikataa vipi? Nikipiga chafya tu, unga unatoka," anasema. Anacheka kidogo, halafu anajiachia juu ya gunia tupu kama mtu aliyegomewa na miguu yake mwenyewe.

"Hii mashine siisikilizi kwa masikio," anaeleza. "Naisikiliza kwa mkono. Mkanda ukilegea, mkono unajua. Chekeche ikitoboka, mkono unajua. Masikio nilishayapa likizo."

Likizo hiyo hakuiomba. Ilianza kama mluzi mwembamba uliomfuata mpaka kitandani, ukakataa kuondoka. Sasa ukizungumza naye kwa sauti ya kawaida anapata mvumo wa maneno, lakini maneno yenyewe yanampita. Siku ya kazi nyingi hulipwa pesa ya kununua kilo nne za unga ule ule anaousaga, na kwa hofu ya kuukosa hata ujira huo, hakumwambia mwenye mashine. Nilipomuuliza kama niyaandike haya gazetini, alipangusa uso kwa upindo wa khanga.

"Andika. Nimechoka kusaga, nimechoka na kuficha pia."

Aliyemchosha zaidi kumficha ni binti yake wa pekee. Binti huyo ni muuguzi, ameolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mama alibandika simu sikioni, akasikia kitu kama nyuki ndani ya chupa, akajibu kwa kubahatisha: haya mwanangu, vizuri, Mungu mkubwa. Mara nyingi ilipita.

Kuna Jumapili haikupita. Binti alisema jambo, mama akajibu kama kawaida yake, na upande wa pili ukawa kimya mpaka simu ikakatika. "Nilijua nimeharibu," anasema. "Nimeharibu nini, ndiyo sikujua."

Tangu hapo akaogopa kupokea. Simu ilipoita aliigeuza kifudifudi. Binti akaanza kutuma ujumbe wa sauti, nao ukarundikana bila kusikilizwa. Si angemwomba jirani amsikilizie? Ananitazama kama nimetukana. "Mambo ya mwanangu, nikayatandaze kwa mpangaji mwenzangu? Asubuhi yangekuwa bombani kabla ya maji."

Ndipo akaenda kwa fundi wa redio mtaa wa pili, kijana mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya televisheni. Fundi hana spika mpya za dukani. Anachouza ni ushauri na vipuri, mteja akajenge mwenyewe nyumbani kwa bei nafuu. Alimchorea kwa chaki michoro mitatu juu ya meza: sanduku kubwa lenye tundu mbele na spika nene ya besi, bomba la plastiki la kusimamisha pembeni ya chumba, na kisanduku kidogo kilichozibwa kote, chenye spika moja nyembamba ya televisheni iliyokufa.

"Mama, nyumbani unasikiliza nini? Muziki au maneno?" fundi alimuuliza.

"Vyote," alijibu, kwa aibu.

Fundi alikuwa na moja ya kila aina kibandani, akaziwasha kwa zamu. Mama Unga akazipima kwa njia anayoijua: aliweka kiganja ubavuni. Bomba lilimtekenya kidogo tu. Kisanduku kilitulia kabisa chini ya mkono, akakihesabu kuwa ni maiti. Lile sanduku kubwa lilimtetemesha mpaka kwenye kiwiko.

"Nikasema hii ndiyo yenyewe, hii ina nguvu. Mkono haujawahi kunidanganya."

Alivichukua vipuri vya lile kubwa kwa ujira wa siku kumi, akaliunda wiki nzima baada ya kazi, usingizi ukimchukua gundi ikiwa mkononi. Alipoliwasha, vikombe vilicheza kabatini na mpangaji wa jirani akagonga ukuta. Msomaji wa habari redioni alikuwa akinguruma kama mashine ya kusaga. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa kitandani akalia, wala haoni haya kusema.

Alirudi kwa fundi akiwa amelibeba begani. Safari hii alimwambia ukweli: masikio yake ni mazito, na anataka maneno, tena ya mtu mmoja.

"Sasa mama, si ungeniambia tangu mwanzo?" Fundi anakumbuka alivyoshika kichwa. "Mbao zikitetemeka na zenyewe zinaongea. Zinaongea juu ya mtu wako. Kile ulichokiona kimekufa ndicho kinachonyamaza, ili mtu wako aseme. Lakini nakwambia mapema, spika haiponyi sikio."

"Sikio langu halijafa, mwanangu. Limechoka tu."

Fundi alilipokea lile kubwa, akampa spika ya televisheni, amplifaya ndogo na vipande vya mbao nene. Mama Unga aligundisha mwenyewe, akakandamiza mbao kwa mawe ya mizani aliyoazima kazini. Nyufa alizijaza gundi iliyochanganywa na maranda. Ndani alishindilia pamba ya mto, mto wenyewe akaukosa. Kisha akaweka kisanduku mezani, usawa wa uso wake, karibu kiasi cha kukifikia kwa mkono.

Jumapili iliyopita mchana alifunga mlango, akaunganisha simu kwa waya na kufungua ujumbe wa kwanza, wa miezi minne nyuma. Baadhi ya maneno yalimponyoka, akarudia mara tatu. Kisha yakakaa sawa, moja moja, kwa sauti ya mwanawe.

"Mama, nilikwambia mimba imetoka, ukanijibu vizuri, Mungu mkubwa. Nimekukosea nini, mama?"

Ananisimulia hayo mota ikiwa imezimwa. Mteja kwenye benchi anainama na kujishughulisha na kamba ya gunia lake.

Alimpigia binti yake saa ile ile, simu ikiwa bado kwenye waya. Akamwambia habari ya masikio, yote, tangu ule mluzi wa mwanzo. Binti alilia, halafu akamgombeza kama mtoto mdogo: kwa nini alificha, kwa nini bado yuko kwenye ile mashine, kwa nini alimwacha abebe msiba peke yake.

"Alinisema, baba, alinisema mpaka akaishiwa pumzi," anasimulia, machozi yakichora njia kwenye unga wa mashavuni. "Nami nikamwambia sema mama, sema tena, nakusikia."

Mwenye mashine sasa anajua. Hajamfukuza, ila hajamwahidi chochote pia. Mama Unga amemwomba ruhusa ya wiki mbili, na amesema ataondoka hata akinyimwa.

"Nauli bado haijatimia, lakini nitakwenda," anasema, akiinuka kwa kushika goti. "Mwanangu amefiwa na mtoto, nami sijamkumbatia. Pole ya namna hiyo haitumwi kwa simu."